Toeni jibini kwenye friji mapema jamani

Wageni wanakuja na unataka kuwapangia ubao wa jibini, sasa kabla hujahangaika na mapambo, itoe kwenye friji kama dakika 30 hadi lisaa hivi kabla hawajafika. Ikiwa ya baridi haina ladha kabisa, utadhani unatafuna sabuni, lakini brie (ile jibini laini yenye ganda jeupe) ikikaa nje kidogo ndani inalainika mpaka inaanza kumwagika pembeni ukiikata, hapo ndo tamu yenyewe.

Aina tatu zinatosha bana. Moja laini kama brie, moja ngumu kama cheddar iliyokaa muda mrefu, na moja ile yenye ukungu wa bluu, gorgonzola kwa mfano, ila hiyo iweke pembeni na kisu chake peke yake maana ukichanganya kisu kila kitu kitanuka hiyo hiyo (mi nilishafanya huo ujinga, cheddar yote ikaishia na madoa ya bluu). Gramu 50 kwa mtu kama kuna chakula kingine, kama ndo mlo wenyewe piga mara mbili.

Halafu jaza nafasi na zabibu, karanga, biskuti zisizo na sukari, na asali kidogo, asali juu ya ile ya bluu we jaribu tu utanikumbuka. Na ganda jeupe la brie linaliwa, usilimenye. Ile nta nyekundu inayofunika jibini nyingine kwa nje ndo ya kutupa.