Filamu ya mfuko mdogo Lubumbashi: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha kamera

Filamu unayoigharimia mwenyewe haina siku ya akiba. Ukipoteza Jumamosi, Jumatatu mwigizaji wako yuko kazini kwake na kamera ya kuazima imerudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo makosa yote yanayoweza kufanyika kwenye karatasi yafanyike huko, ambako yanafutwa kwa kalamu.

Anza na mswada. Mwongozaji, mpiga picha na fundi sauti waketi wausome pamoja kwa sauti, saa ikiwa mezani. Ukurasa mmoja uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida wa miswada ya filamu hutoa takriban dakika moja kwenye kioo, hivyo kurasa 15 ni kama robo saa. Halafu chambueni kila sini, yaani kila onyesho: nani yumo, ndani au nje, mchana au usiku, amevaa nini, ameshika nini. Hapo ndipo mtagundua kwamba shati jeupe la baba linamwagikiwa mawese katika sini ya nne, na sini ya pili, ambayo shati ni safi, itarekodiwa kesho yake. Mawese hayatoki. Nunueni mashati mawili yanayofanana, matatu mkiweza.

Ratiba hufuata mahali, haifuati hadithi. Sini zote za jikoni zirekodiwe pamoja, hata kama moja inafungua filamu na nyingine inaifunga. Sisi hatuvuki kurasa nne kwa siku, na hizo nne zinachosha.

Sasa mahali penyewe, na hapa naomba usiharakishe. Tuliwahi kuchagua nyumba moja Katuba kwa ajili ya mazungumzo ya usiku kati ya mama na mwanawe. Tulikwenda kuiona Jumanne saa tatu asubuhi: ua umefagiliwa, kimya, mwanga mzuri dirishani. Tukarudi Jumamosi jioni na vifaa vyote, baa ya nyuma ya ukuta ikafungulia muziki, na glasi zikawa zinatetemeka mezani. Hatukupata sentensi moja safi. Tangu siku hiyo naenda kuona mahali siku ileile ya wiki na saa ileile tutakayorekodi, nakaa nusu saa nimefumba macho, nasikiliza: kanisa, kinu, jenereta ya jirani, mbwa. Picha yenye kasoro mtazamaji huivumilia. Maneno yasiyosikika hayavumiliki.

Ukiwa hapo, ongea na watu. Mama anayeuza makala (mkaa) mbele ya mlango mnaoutaka atapoteza wateja siku nzima kwa sababu yenu. Mwamkie vizuri, mweleze, mkubaliane fidia mapema, na siku yenyewe atakuwa wa kwanza kuwanyamazisha watoto. Mkuu wa mtaa naye ajue, na barua ya komine (utawala wa sehemu hiyo ya mji) yenye muhuri iwe na nakala kadhaa, maana itaombwa na kila atakayewakuta barabarani. Kiwanja cha ndege, madaraja, kambi za askari na majengo ya serikali msivielekezee kamera bila ruhusa. Hata kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba na bomba lake la moshi, ambacho kila mmoja wetu anakitamani kwa picha ya kwanza, kiko ndani ya eneo la viwanda. Ukitaka kukisogelea, omba.

Majira nayo yana neno. Mvua zetu huanza kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja hadi mwezi wa tatu au wa nne, na mvua juu ya mabati huua sauti kabisa. Kiangazi ni kikavu, ila vumbi jekundu linaingia kwenye lenzi, na mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi. Mwigizaji wa blauzi nyepesi anahitaji koti nyuma ya kamera. Ukianza sini za nje mwezi wa nane ukazimalizia wa kumi, mijakaranda itakuwa imechanua zambarau na picha hazitaungana.

Umeme usiutegemee. Betri zote zichajiwe usiku wa kuamkia kazi, za akiba pia, na jenereta ikae mbali na makrofoni, kwa hiyo pima urefu wa waya mapema. Kadi zinakiliwe kwenye diski mbili, na diski hizo zilale nyumba mbili tofauti. Mikataba iandikwe hata kati ya marafiki, pamoja na ya mwenye wimbo mtakaoutumia. Mtoto akiigiza, mzazi wake atie sahihi. Chakula kisiwe cha kubahatisha: bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa wakati, saa saba, kwa wote.

Jioni ya mwisho kabla ya kurekodi, kila mtu apate karatasi ya siku: saa ya kufika, njia ya kufika, sini zipi na kwa mpangilio gani, nani aje na nguo ipi. Mpigie simu kila mwigizaji, akusomee mwenyewe saa aliyoandikiwa.