Jinsi ya kuomba kusoma muswada wa kale wa Kiswahili maktabani na kuandika maelezo yake

Miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu imetawanyika mbali: ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika mjini London, ipo Ujerumani, na mingine ingali majumbani Lamu na Mombasa. Mingi iliyomo maktabani ina namba na mstari mmoja tu wa maelezo: jina la utenzi, idadi ya kurasa, basi. Mtu akipewa ruhusa ya kuushika muswada kisha akaondoka bila kuandika maelezo kamili, nafasi imepotea, maana kila mkono unaoufungua unauchakaza kidogo. Kwa hiyo omba ukiwa umeshajua utaandika nini.

Tafuta namba kwanza

Mhifadhi hatafuti utenzi, anatafuta namba. Utenzi mmoja huwa na nakala nyingi, na nakala moja huweza kuorodheshwa kwa majina mawili. Kwa Dar es Salaam, iko orodha ya J. W. T. Allen iliyochapwa mwaka 1970. Kwa SOAS, tafuta kwenye katalogi ya mtandaoni kwa majina ya wakusanyaji: W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens. Nakili namba kama ilivyo, pamoja na herufi zake. Ukikosea tarakimu moja utaletewa sanduku jingine.

Angalia pia kama muswada umeshapigwa picha. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, kwa mfano, ilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Picha zikiwepo, utaulizwa kwa nini hazikutoshi, na ombi huangukia hapo mara nyingi. "Nataka kuuona kwa macho yangu" si sababu. Sababu ni vitu ambavyo picha haionyeshi: jinsi karatasi zilivyoshonwa, alama ya kiwanda ndani ya karatasi, vipimo halisi, karatasi iliyokatwa au kuongezwa.

Vibali

Anza navyo mapema kuliko kitu kingine chochote. Kibali cha utafiti Tanzania Bara hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya hutolewa na NACOSTI, tume yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara pekee hakikufikishi kwenye Nyaraka za Zanzibar. Maktaba za Ulaya kwa kawaida hutaka kitambulisho, uthibitisho wa anwani na miadi ya siku. Miswada ya thamani kubwa huhitaji pia barua ya mdhamini, yaani mwalimu au mtafiti anayeijua kazi yako.

Barua ya ombi

Iwe ya ukurasa mmoja. Kichwa chake kiseme kila kitu:

*YAH: OMBI LA KUSOMA MISWADA MITATU (NAMBA …, …, …)*

Chini yake taja wewe ni nani na taasisi yako, tarehe mbili unazoweza kuja, na kazi utakayofanya. Aya ya kazi iandikwe hivi: "Naomba kupima karatasi, kuhesabu mikunjo, kutazama alama za karatasi kwa taa bapa inayowekwa nyuma ya karatasi na kunakili maneno ya mwisho ya mnakili. Nitakabidhi maktaba nakala ya maelezo nitakayoandika." Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko sifa zako zote, kwa sababu inampa mhifadhi kitu anachokihitaji. Usiombe miswada kumi kwa siku moja. Maelezo ya muswada mmoja wa karatasi 40 yakifanywa vizuri hula nusu siku. Tuma ombi angalau wiki nne kabla, na uulize mapema kama taa bapa ipo na kama unaruhusiwa kupiga picha.

Mezani

Penseli tu, hakuna kalamu ya wino. Mikono iwe mikavu na safi. Kwa karatasi, maktaba nyingi hazitaki glavu, kwani hupunguza hisia za vidole na karatasi huchanika. Usilambe kidole kufunua ukurasa: wino wa masizi huyeyuka kwa maji. Muswada ulazwe kwenye mito yake, usifunguliwe ukawa bapa.

Kuandika maelezo

Kanuni ni moja: andika unachokiona kabla ya unachokidhani, na uvitenganishe.

Hesabu karatasi, si kurasa. Kila karatasi ina upande wa a na upande wa b: 1a, 1b, 2a, na kuendelea. Kitabu cha hati za Kiarabu huanzia kulia, hivyo kikiwa wazi mbele yako, ukurasa wa kulia ni upande b wa karatasi moja na wa kushoto ni upande a wa karatasi inayofuata. Aliyezoea vitabu vya hati za Kilatini hugeuza mpangilio huu, na hapo rejea zote za muswada zinaharibika. Kama mtu aliyetangulia ameshatia namba kwa penseli kutoka upande usio sahihi, usizifute. Taja kwamba zipo, kisha tumia zako.

Pima kwa milimita, urefu kwanza kisha upana. Pima karatasi yenyewe, halafu eneo lililoandikwa. Taja idadi ya mistari kwa ukurasa. Tafuta uzi katikati ya mikunjo ili ujue kila fungu, yaani karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja, lina karatasi ngapi. Vitabu vya Kiarabu mara nyingi vina mafungu ya karatasi 10, na fungu lenye 9 linakuambia kuna iliyotoka. Thibitisha kwa neno lililoandikwa chini ya upande b, ambalo huwa ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yasipolingana, kuna pengo au mpangilio umevurugwa wakati wa kujalidi upya.

Inua karatasi moja mbele ya taa. Hilali tatu zinazopungua ukubwa ni alama ya karatasi za Italia zilizouzwa sana katika nchi za Kiislamu. Chora alama, ipime, nakili herufi zilizo kandokando. Usiandike mwaka kwa alama hiyo pekee, kwani ilitumika kwa muda mrefu mno.

Mwanzo na mwisho wa matini nakili kwa hati yake ya Kiarabu kwanza, halafu kwa Kilatini. Usiruke hatua hii. Katika hati ya zamani ya pwani, herufi ba hubeba b, p na mara nyingi mb. Kasra, alama ya irabu chini ya herufi, hubeba i na e. Dhuma, alama ya irabu juu ya herufi, hubeba u na o. Kwa hiyo بَتِ huweza kusomwa Pate, bati au pati. Ukiandika Kilatini peke yake umeshamchagulia msomaji, naye hawezi kurudi nyuma.

Tarehe ndiyo penye makosa mengi kuliko pengine popote. Mwaka 1141 wa Hijria ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729. Mnakili asipotaja mwezi, andika 1141 H / 1728–1729. Tena, tarehe ya kutungwa si tarehe ya kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Wazungu tenzi za kale kwa mkono mzuri sana. Utungo ni wa zamani, karatasi ni ya karne ya 20. Wapo pia wanakili walionakili hata tarehe ya nakala waliyoitazamia. Weka nafasi mbili katika maelezo, na isiyojulikana iache wazi.

Mwisho orodhesha wamiliki: majina, mihuri, waraka wa wakfu, barua zilizofungiwa ndani. Jina la mwanamke aliyeandikiwa nakala huachwa katika orodha nyingi; wewe liandike.

Kukabidhi

Tuma maelezo kwa barua pepe ndani ya mwezi mmoja, yakiwa na namba ya muswada juu, tarehe uliyouona na jina lako. Ukiona jina la utenzi katika orodha ya zamani si sahihi, usiliondoe. Liweke chini ya jina jipya kama jina la awali, maana wapo waliokwisha kulitaja katika vitabu vyao.