Namna ya Kujadili Ubora wa NES na Master System kwa Hoja Zinazosimama

Kabla ya kutetea upande wowote, kubalianeni kwanza ni mashine zipi za michezo ya video mnazozilinganisha. Famicom ya Nintendo, ambayo nje ya Japani ilijulikana kama NES, ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, na siku hiyohiyo mshindani wake, Sega, naye akatoa mashine ya SG-1000. Hata hivyo, mtu anapoitaja Sega ya biti nane, kwa kawaida hukusudia Master System, iliyoanzia Japani Oktoba 1985 kwa jina la Mark III. Mnabishania, basi, mashine zilizopishana zaidi ya miaka miwili, na katika utengenezaji wa chipu muda huo si mdogo. Anayetetea NES aitaje tofauti hiyo mapema, kwa sababu akingoja mpaka mwenzake amalize kusifu picha za Sega, itasikika kama kisingizio.

Hoja inayotangulizwa mara nyingi ni ya kasi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Prosesa ya Master System, Z80, hupiga mapigo milioni 3.58 kwa sekunde, ilhali ile ya NES, iliyotokana na chipu ya 6502, hupiga milioni 1.79, kwa hiyo asiyejua hudhani kwamba Sega ina kasi maradufu. Niliwahi kuitoa hoja hiyo mbele ya fundi redio mmoja, naye akaninyamazisha kwa swali moja tu: kila amri inakula mapigo mangapi? Amri za kawaida za 6502 hukamilika kwa mapigo mawili hadi saba, na za Z80 huanzia manne, nyingine zikivuka ishirini. Ukishapiga hesabu hiyo, sehemu kubwa ya lile pengo huyeyuka. Ukitaka kuisifu Sega kwa upande huu, taja kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwani ina kilobaiti 8 na NES ina 2 tu.

Kwenye rangi ndipo panapostahili muda wenu. Wengi huishia kwenye jumla: NES huweza kuonyesha takriban rangi 25 kwa wakati mmoja, na Master System 32. Jumla hizo zinakaribiana kiasi cha kumfanya msikilizaji ajiulize kelele zote ni za nini. Mweleze rangi hizo zinavyogawiwa. Katika NES ya kawaida, mandhari ya nyuma hugawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na kila mraba hulazimika kutumia seti moja yenye rangi tatu pamoja na ile ya chini inayoshirikiwa na skrini nzima. Katika Master System, kila kigae cha pikseli 8 kwa 8 huchota kutoka seti ya rangi 16. Kwa vitu vinavyosogea, ambavyo hapa nitaviita vikaragosi, NES hutoa rangi tatu kwa kimoja na Sega kumi na tano. Ndiyo maana uso wa Mega Man, shujaa wa mchezo wa jina hilo, kwenye NES ulichorwa kwa kikaragosi cha pili kilichowekwa juu ya mwili: rangi tatu hazikutosha kwa mistari myeusi, buluu mbili za vazi, ngozi na weupe wa macho.

Mtetezi wa NES asikimbie hapo, kwa kuwa ana jibu. Mashine yake huweza kugeuza kikaragosi kitazame kushoto au kulia bila gharama, ilhali Master System huweza kugeuza vigae vya nyuma tu, na vikaragosi haiwezi. Mchoraji wa Sega alilazimika kuhifadhi mhusika mara mbili, akitazama huku na akitazama kule, na nafasi iliyoliwa hivyo ingeweza kubeba miondoko mingine. Huu ni ubora wa kweli, ingawa hauonekani kwenye picha iliyosimama, nazo picha zilizosimama ndizo watu hupenda kuzileta kama ushahidi. Zikataeni, dai mchezo unaosogea.

Kuhusu kumetameta kwa vikaragosi, msipoteze muda kushutumiana, maana ugonjwa ni wa wote wawili. Kila mashine huonyesha vikaragosi 64 kwa jumla, lakini si zaidi ya vinane kwenye mstari mmoja wa skrini. Kikaragosi kimoja kina upana wa pikseli 8, kwa hiyo mpiganaji mwenye upana wa pikseli 24 hutumia vitatu, hivyo wapiganaji watatu wakisimama sambamba wanahitaji tisa, na kimoja kinapotea. Watengenezaji programu hubadilisha zamu ya kinachopotea kutoka picha moja hadi nyingine, ndipo jicho linapoona kumetameta.

Kwenye sauti, mpe NES ushindi kama umri wa mashine hauwekwi mezani na kama mnazungumzia mashine zilizouzwa nje ya Japani. Ina njia tano: mbili za mawimbi ya mraba yanayoweza kubadilishwa ladha, moja ya wimbi la pembetatu linalobeba besi, moja ya mvumo, na moja ya sauti zilizorekodiwa. Master System ina njia tatu za mraba zenye ladha ileile na moja ya mvumo, na sauti yake ya chini kabisa kwa njia za mraba ni karibu hezi 109, hivyo besi yake ni nyembamba. Mwenzako akiwa mjuzi atakukumbusha chipu ya ziada ya sauti, iitwayo FM, iliyopatikana Japani, na atakuwa na haki.

Swali linalogawa hata wajuzi ni hili: je, chipu iliyomo ndani ya kaseti ihesabiwe kuwa ubora wa mashine? Prosesa ya NES, bila msaada, huona kilobaiti 32 tu za programu, na Super Mario Bros. ya 1985 ilitosha humo, picha zake zikiongeza kilobaiti 8. Michezo mikubwa iliyofuata ilitegemea chipu za ziada, kama ile ya MMC3 iliyomo katika Super Mario Bros. 3, ambayo huhesabu mistari ya skrini ili sehemu ya alama itulie chini huku mandhari yakipita juu. Master System ilikuwa na kihesabu mistari cha namna hiyo ndani yake tangu mwanzo. Mimi huhesabu kaseti kuwa sehemu ya mashine, kwa sababu mnunuzi hakuwahi kucheza kwenye kasha tupu. Lakini amueni hili kabla ya kuanza, la sivyo mtazunguka hapohapo usiku kucha.

Mauzo yawekwe kando, au yatajwe pamoja na nchi. NES iliuza karibu milioni 62 duniani, lakini Nintendo iliwabana watengenezaji wa michezo kwa mikataba iliyowazuia kupeleka mchezo uleule kwa mshindani kwa miaka miwili, na huko Brazil, kupitia kampuni ya huko ya Tectoy, Sega ndiyo iliyotamba.

Kumbukumbu za utotoni nazo zichujwe. Televisheni za kwetu zilifuata mfumo wa PAL wa mapigo 50 kwa sekunde, na za Japani na Marekani 60, hivyo mchezo usiorekebishwa uliweza kupungua mwendo kwa sehemu moja kati ya sita. Aliyekulia kwenye Famicom ya kuiga, yenye kaseti ya manjano iliyodai kuwa na maelfu ya michezo huku ikirudia ileile michache, anatoa ushahidi juu ya mashine nyingine kabisa.

Mkishafika hapo, wekeni Double Dragon, mchezo wa kupigana mitaani, kwenye mashine zote mbili. Ya Sega inawaruhusu wawili kupita mitaani pamoja, ila inametameta. Ya NES huwapa zamu, mmoja akingoja mwenzake afe. Anayeshika zamu ya pili kwenye NES ndiye apewe nafasi ya kuzungumza kwanza, maana atakuwa na muda wa kutosha wa kupanga hoja zake.