Mifano kumi bado si uthibitisho

Jioni moja mpwa wangu, yuko darasa la saba, aliniletea daftari. "Mjomba, witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Nimejaribu mara kumi." Kweli, alikuwa ameandika 3 + 5 = 8, 7 + 9 = 16, akaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa. Nikamuuliza, "Na ya kumi na moja je?" Akanyamaza.

Ukimya huo ndio mahali pa kuanzia. Usikimbilie kumpa kanuni, mpe vizibo vya soda. Ahesabu 7, avipange viwili viwili: jozi tatu, kimoja kinabaki. Pembeni apange 5: jozi mbili, kimoja kinabaki. Kisha asogeze mafungu yote mawili pamoja, na wewe kaa kimya, usimsemeshe. Mpwa wangu alivikodolea macho vile viwili vilivyobaki, akavisukuma kwa kidole mpaka vikagusana. "Vimepata jozi!"

"Ungeanza na 1,001 na 38,457?"

"Kila fungu lingebakisha kimoja tu, mjomba. Na hivyo viwili vingekuwa jozi."

Huo ni uthibitisho kamili, kwa sababu hautegemei umehesabu vizibo vingapi. Akifika sekondari ataandika (2a + 1) + (2b + 1) = 2(a + b + 1), na zile 1 mbili atazitambua: ni vizibo vyake.

Mfundishe pia kubomoa. Dai lenye neno "kila" huanguka kwa mfano mmoja tu. "Kila namba tasa ni witiri"? 2 inatosha kuliangusha: inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, kwa hiyo ni tasa, lakini ni shufwa. Na dai likigeuzwa, alipime upya: kila namba inayogawanyika kwa 6 inagawanyika kwa 3, lakini kinyume chake hakisimami. Tazama 9.

Kwa wakubwa kidogo ninaipenda sana fomula ya mwanahisabati Leonhard Euler ya mwaka 1772: n² − n + 41. Weka 1, unapata 41. Weka 2, 43. Weka 3, 47. Zote tasa, na zinaendelea kuwa tasa mpaka n = 40. Mara arobaini! Mwanafunzi yeyote angeapa kwamba haikosei. Sasa aweke 41: kutoa 41 na kujumlisha 41 vinafutana, inabaki 41 × 41. Usimtajie mapema inavunjikia wapi. Mwache afike huko kwa kalamu yake mwenyewe, hata ikichukua jioni mbili.