Adabu za dojang: mwongozo kwa anayeanza taekwondo

Mgeni wa taekwondo hukosea akiwa bado mlangoni mwa dojang, yaani ukumbi wa mazoezi, kabla hajarusha hata teke moja. Anapita katikati ya safu ya watu walio mazoezini ili akaweke begi, halafu anaanza kufunga mkanda wake huku amemkodolea macho mwalimu. Hakuna atakayemfukuza, lakini wote wameona. Adabu za taekwondo zinaonekana nyingi kwa sababu hufundishwa kama orodha ya makatazo. Karibu kila moja ina kazi: inalinda mwili wa mtu, au inalinda muda wa wenzake. Ukiijua kazi hiyo hutahitaji kukariri.

Kabla ya kununua chochote, uliza ukumbi wako unafuata mkondo gani. Mkondo wa Kukkiwon, makao makuu yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, ndio unaokwenda na World Taekwondo, shirikisho la dunia la mchezo huu, na mashindano ya Olimpiki. Mkondo wa ITF, Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, ulianzishwa mwaka 1966 na Choi Hong Hi. Sare, yaani dobok, hazifanani. Dobok ya Kukkiwon huvaliwa kwa kupitishwa kichwani na ina ukosi wa V, mweupe kwa wanafunzi wa mikanda ya rangi na mweusi kwa wenye dani, yaani vyeo vya mkanda mweusi. Ya ITF hufunguka mbele. Hata mafunzo yenyewe yanatofautiana: mfuatano wa miondoko unaoitwa poomsae upande mmoja huitwa tul upande wa pili, na ITF huruhusu ngumi za kichwani kwenye pambano. Yanayofuata hapa ni ya mkondo wa Kukkiwon.

Dobok huuzwa kwa urefu wa mwili katika sentimita: 150, 160, 170 na kuendelea. Aliye na sentimita 165 achukue 170, kwa kuwa pamba husinyaa ikifuliwa. Ifue kila baada ya kipindi. Dobok yenye jasho la juzi ni kero kwa mwenzako ambaye leo mtashikana mikono na kubanana vifua. Kucha za mikono na miguu zikatwe fupi, maana kucha ya dole gumba la mguu huchana ngozi ya mwenzio vizuri kabisa. Pete, hereni, saa na mkufu vibaki kwenye begi.

Mlangoni

Viatu hubaki nje ya mikeka. Ukifika ukingoni simama wima, visigino pamoja, elekea bendera, uiname. Simu izimwe sauti hapo hapo.

Kuinama kuna kipimo chake. Kanuni za mashindano za World Taekwondo zinataka kiuno kikunjwe zaidi ya nyuzi 30 na kichwa kiinamishwe zaidi ya nyuzi 45. Maana yake macho yatazame sakafu, yasimtazame unayemsalimu. Wanaoanza hukosea hapa: huinamisha kiuno huku wameinua uso, wakionekana kama wanaojiandaa kupigwa. Wengine hutikisa kichwa tu.

Kwa Mwislamu, au mwumini yeyote anayeona uzito kuinamia bendera au mtu, zungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, si mkiwa tayari mmepanga safu. Hii ni salamu ya Kikorea, haina ibada ndani yake, na taekwondo imestawi sana katika nchi za Kiislamu: medali ya kwanza ya Olimpiki ya Jordan, dhahabu ya Ahmad Abughaush huko Rio mwaka 2016, ilitoka kwenye mchezo huu. Mwalimu mwenye busara atakubaliana nawe namna ya salamu isiyokutia shaka.

Suala jingine letu wenyewe ni umri. Mzee wa miaka 55 mwenye mkanda mweupe anafundishwa na kijana wa miaka 22 mwenye mkanda mweusi. Nje ya mikeka kijana atoe shikamoo yake kama kawaida. Mikekani mzee ainame kwa mwalimu, na kijana naye arudishe kuinama kwa kina kile kile. Kijana anayeipokea salamu hiyo huku amesimama wima kama mlingoti hajafundishwa vizuri.

Majina na amri

Mwenye ukumbi ni gwanjangnim, mwalimu mkuu wa mazoezi ni sabeomnim, na msaidizi wake ni gyosanim. Kile kiishio "nim" ndicho heshima yenyewe. Kumwita mtu "sabeom" usoni pake ni sawa na kumwita mkubwa kwa jina tupu. Kwetu "mwalimu" hukubalika katika kumbi nyingi, ila kwenye mtihani tumia la Kikorea. Aliyekutangulia ni sonbae wako, nawe ni hubae wake, na uhusiano huo una wajibu pande zote mbili: hubae husikiliza, sonbae humfunga hubae mkanda na kumwonyesha kosa kwa sauti ya chini.

Amri utakazozisikia siku ya kwanza ni hizi, na mabano yanaonyesha matamshi: charyeot (charyot), simama wima; gyeongnye (kyongnye), inama; junbi, kaa tayari; sijak (shijak), anza; geuman (kuman), acha; baro, rudi kwenye hali ya kuwa tayari; swieo (shio), pumzika. Kwenye pambano kuna mbili zaidi: kalyeo (kalyo), achaneni, na gyesok (kyesok), endeleeni. Hesabu ni hana, dul, set, net, dasot, yosot, ilgop, yodol, ahop, yol. Moja ni "hana", kwa hiyo Mswahili haisahau. Irabu ya pili kwenye "dasot" iko katikati ya "o" na "a". Sikiliza mwalimu wako.

Safu hupangwa kwa mkanda. Wa juu kabisa husimama mbele, mkono wa kulia mkitazama bendera, kisha mnashuka kuelekea kushoto na nyuma. Wenye mkanda sawa hupangana kwa tarehe ya kuupata, si kwa umri. Sababu yake ni ya kivitendo sana: anayeanza huwa na mtu wa kuiga mbele yake, isipokuwa safu nzima ikigeuka kushoto au nyuma, na hapo ndipo utaona mikanda myeupe ikihangaika.

Ukichelewa usijipenyeze. Simama ukingoni karibu na mlango, subiri mwalimu akuone na akuashirie, inama, pasha mwili kwa dakika chache pembeni, kisha zunguka nyuma ya safu hadi mwisho wake. Kupita mbele ya mtu anayerusha mateke ya kuzunguka ni kujitafutia taya lililovunjika.

Kufunga mkanda

Geuka upe mgongo bendera na mwalimu kwanza. Hivyo ndivyo pia unavyorekebisha dobok katikati ya mazoezi.

1. Tafuta katikati ya mkanda, uiweke tumboni vidole viwili chini ya kitovu.
2. Peleka ncha zote mbili nyuma, zipishane mgongoni, zirudi mbele zikilala juu ya tabaka la kwanza.
3. Ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto, iingie chini ya tabaka zote mbili, itokee juu. Ukipenyeza chini ya tabaka moja tu, mkanda utaanza kulegea baada ya mateke kumi.
4. Vuta hadi ncha zilingane urefu.
5. Ncha iliyotokea juu sasa iko kushoto kwako. Ipitishe mbele ya ile ya chini, izungushe nyuma yake, uitoe kwenye tundu. Kaza kwa kuvuta kulia na kushoto.

Kumbuka: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo likiwa sahihi, ncha huanguka pande mbili kama paa la nyumba. Moja ikielekea juu na nyingine chini, umekosea hatua ya tano. Fungua urudie, maana fundo hilo halishiki.

Kumshikia mwenzako padi

Mtu anaweza kukariri Kikorea chote na bado asiwe mwenzi mzuri wa mazoezi, kwa sababu hajui kushika padi ya kulenga mateke, ile ndogo yenye umbo la kasia. Nusu ya kipindi utakuwa unamshikia mwingine, na goti lake liko mikononi mwako.

Kwa teke la kuzunguka, dollyo chagi, la mguu wa kulia, shika padi kwa mkono wa kulia. Teke linakujia likitokea kushoto kwako, hivyo litausukuma mkono nje, mbali na mwili. Ukishika kwa kushoto, padi itarudishwa kifuani au usoni. Uso wa padi uelekee mgongo wa mguu wa mwenzako, sehemu ile ya juu ya unyayo, si vidole. Kiwiko kikunjwe kidogo, mguu mmoja uwe nyuma, na kichwa kisikae nyuma ya padi. Kwa anayeanza, urefu ni usawa wa mkanda wake yeye, si wako.

Wakati wa kugusa, ipe padi ukinzani mdogo, kama unayemkabidhi mtu kitu. Mkono mgumu kama nguzo humwumiza kifundo. Kosa kubwa zaidi ni kuikwepesha padi dakika ya mwisho kwa mzaha. Teke lililokusudiwa kukutana na kitu likikosa, goti hunyooka kupita kiasi na misuli ya nyuma ya paja huvutika, na huyo atakaa wiki nje kwa ajili ya kicheko chako. Kwa teke la mbele, ap chagi, uso wa padi utazame chini. Kwa teke la kushusha kisigino, naeryeo chagi, utazame juu.

Unapopokeza padi, tumia mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika chini ya kigasha. Wakorea hutoa na kupokea hivyo, na watu wengi wa Maziwa Makuu na Tanzania wamelelewa hivyo hivyo.

Pambano na baada yake

Kinga ya kifua, hogu, hufungwa mgongoni, kwa hiyo mwenzako ndiye anayekufunga. Nawe ukimfunga, muulize kama inambana anapovuta pumzi. Kwenye mazoezi, aliye juu ndiye anayepunguza nguvu. Mkanda mweusi anayemlaza mkanda wa njano hajathibitisha kitu. "Kalyeo" ikitamkwa, teke lililo hewani lirudi. Mtu akiumia, wengine wakae chini walipo, wasimzunguke.

Mitihani hupanda kutoka geup (cheo cha mikanda ya rangi) ya 10 hadi ya 1, kisha dani. Kati ya dani ya kwanza na ya pili Kukkiwon hutaka mwaka 1, ya pili na ya tatu miaka 2, ya tatu na ya nne miaka 3. Aliye chini ya miaka 15 hupewa poom, cheo cha watoto, si dani. Cheti cha dani cha Kukkiwon kina namba inayoweza kuhakikiwa Kukkiwon kwenyewe, kwa hiyo ukiahidiwa mkanda mweusi, uliza mapema kama cheti kitatoka huko.

Ukihama mji, muage mwalimu wa zamani kwa mdomo, si kwa kutoweka. Unakohamia, jitambulishe kabla ya kipindi, uliza uvae mkanda gani, na simama mwisho wa safu ya cheo chako. Usisahihishe mtu miezi ya mwanzo hata ukiona kosa. Ukumbi wenyewe usiuhukumu kwa sakafu: Parfait Hakizimana, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha mafunzo ya taekwondo katika kambi ya Mahama nchini Rwanda, na kutoka hapo akaenda kushindana kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Tazama wanavyoinamiana mwisho wa kipindi, halafu tazama nani anachukua ufagio. Mikanda myeusi ikiwa imo miongoni mwao, jiandikishe.