Kubadilisha Plagi ya Pikipiki Nyumbani Bila Kuharibu Nyuzi za Silinda Hedi

Mwongozo huu unahusu pikipiki za silinda moja zenye injini ya aina ya CG125, iliyobuniwa na Honda na baadaye kuigwa na viwanda vingi vya China, ambazo zimejaa katika vijiwe vyetu vya bodaboda. Plagi yake ya kawaida ni D8EA ya NGK au D8TC, yenye nyuzi (mikato ya skrubu) za kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 19. Hakikisha namba hiyo katika kitabu cha pikipiki yako kabla ya kununua, kwa sababu plagi iliyozidi urefu inaweza kugongwa na pistoni.

Kwanza, acha injini ipoe kabisa. Nilipokuwa mwanagenzi nilimfungulia plagi mteja mwenye haraka wakati injini bado ni ya moto, nayo ikatoka ikiwa imeviringishiwa utepe mwembamba wa alumini unaong'aa: zilikuwa nyuzi za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda ambamo plagi hufungwa. Kazi ya dakika kumi ikaishia kwa fundi wa kukereza vyuma, aliyelazimika kutoboa tundu upya na kuingiza bushi, yaani kipande cha chuma chenye nyuzi mpya.

Injini ikishapoa, ng'oa kofia ya plagi kwa kuishika yenyewe, si kwa kuvuta waya. Puliza vumbi lililozunguka plagi kwa pampu ya baiskeli, kwani mchanga ukidondokea ndani utakwaruza silinda. Ingiza spana ya plagi ya namba 18 hadi ikae sawasawa, kisha fungua kinyume cha saa bila kuilaza spana upande, maana kauri nyeupe hupasuka kwa urahisi.

Usiitupe plagi ya zamani kabla ya kuitazama mdomo. Rangi ya kahawia hafifu huonyesha kwamba injini inaunguza vizuri. Masizi makavu meusi humaanisha mafuta yanazidi hewa, hivyo kagua choki, kabureta na chujio la hewa, na ikiwa mdomo umelowa oili, shuku ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huo. Weupe wenye vipele vya kuungua hutokana na joto kupita kiasi.

Pima mwanya wa plagi mpya, yaani nafasi kati ya ncha ya katikati na mkono wa pembeni, hata kama muuzaji amekuhakikishia kuwa umeshapimwa. Kwa D8EA unatakiwa uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Asiye na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) anaweza kutumia mgongo wa msumeno wa chuma, ambao unene wake unakaribia milimita 0.6, ila asitumie upande wa meno, kwa kuwa meno yametanuliwa. Ukirekebisha, pinda ule mkono wa pembeni tu, wala usiguse ncha ya katikati.

Hatua inayoharibu injini nyingi ni ya kurudishia. Chukua kipande cha mpira wa kupitishia mafuta ya injini (petroli), kichomeke kwenye ncha ya juu ya plagi, kisha uizungushe kwa vidole. Nyuzi zikipishana, mpira utateleza kabla hujaharibu kitu, jambo ambalo spana haiwezi kukufanyia. Ikigoma, irudishe nyuma na uanze upya. Washa yake (ile pete ya chuma iliyo juu ya nyuzi za plagi) ikigusa silinda hedi, ndipo uchukue spana na kuongeza nusu mzunguko. Plagi iliyokwisha kutumika huhitaji kidogo sana, kwani washa yake imeshabanwa. Mafundi wenye mikono mizito hapa husema "ongeza kidogo", nami huwanyang'anya spana.

Rudisha kofia hadi uhisi imenasa, kisha piga kiki. Muungurumo ukikatakata, kagua kofia kwanza, kwani mara nyingi haikushuka hadi mwisho. Plagi ya zamani ikiwa bado nzima, ifunge kwenye kitambaa na uiweke chini ya kiti pamoja na spana yake, kwa ajili ya siku utakayokwama njiani.