Mafuta yakipanda bei: namna ya kuipunguzia makali safari ndefu ya kazini

Mfanyakazi anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Mbezi Makabe, Chanika au Chamazi, na ambaye kazi yake iko Posta au Kariakoo, hupata habari ya kupanda kwa mafuta mara mbili. Mara ya kwanza huisikia redioni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo mpya. Mara ya pili huisikia kesho yake alfajiri kutoka kwa kijana wa bodaboda aliyeegemea pikipiki yake kijiweni, na hiyo ya pili ndiyo inayoingia mfukoni. Wengi wetu huelekeza malalamiko yote kwenye nauli ya daladala, ambayo kwa kweli hupanda polepole kuliko zote, huku tukikisahau kipande kifupi cha kutoka nyumbani hadi barabara kuu. Kipande hicho ndicho ninachoshauri kishughulikiwe kwanza, na mengine yafuate.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili mfululizo andika kila shilingi inayotoka kwa ajili ya kwenda na kurudi kazini, ikiwemo ile ya bodaboda uliyopanda kwa sababu mvua ilikukuta njiani, chai na chapati ulizonunua kituoni kwa kuwa uliondoka kabla jiko halijawashwa, na nauli uliyolipa mara mbili jioni baada ya gari kukatisha njia. Andika pia saa uliyofunga mlango wa nyumbani na saa uliyokaa kwenye kiti cha ofisini. Ukikadiria kwa kichwa utajidanganya, maana kichwa hukumbuka nauli iliyoandikwa ubavuni mwa gari na kusahau miatano miatano zilizoizunguka.

Nilipofanya hesabu hiyo Machi 2024, wakati lita ya petroli Dar es Salaam ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000, safari yangu ya kwenda ilikuwa na vipande vitatu: bodaboda kutoka nyumbani hadi Mbezi Mwisho kwa shilingi 2,000, daladala hadi Kimara kwa 600, na basi la mwendokasi hadi mjini kwa 750. Jumla ni 3,350 kwa kwenda, 6,700 kwa siku, na 147,400 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi. Katika fedha hizo bodaboda peke yake ilichukua 88,000, karibu asilimia 60 ya nauli yote, kwa umbali usiofika hata sehemu ya tano ya safari. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea kuzidisha.

Sababu haihitaji utafiti. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na mmiliki wa gari hawezi kuipandisha kihalali mpaka mamlaka hiyo itangaze. Kwa safari isiyozidi kilomita 10, nauli ilitoka 400 kwenda 500 mwezi Mei 2022, bei za mafuta zilipopaa duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza, kisha ikawa 600 mwezi Desemba 2023. Mia moja kwa kila ongezeko, kwa mtu anayekwenda na kurudi siku 22, ni shilingi 4,400 kwa mwezi. Nauli ya bodaboda haina tangazo wala mjadala wa wadau. Kijana wa bodaboda akiongeza miatano kwa kila safari, umeongezewa 22,000 kwa mwezi, tena kuanzia asubuhi hiyo hiyo.

Kabla hujakubali hiyo miatano, mfanyie kijana hesabu, kwa upole. Pikipiki nyingi za biashara hutembea kilomita 35 hadi 40 kwa lita. Safari ya kilomita tatu, pamoja na kurudi kijiweni bila abiria, ni kilomita sita, yaani chini ya moja ya tano ya lita. Lita ikiongezeka shilingi 300, gharama ya safari hiyo imeongezeka kwa shilingi 50 hivi. Simaanishi kwamba kijana ni mwizi, kwa sababu unga na sabuni navyo humpandia bei mafuta yanapopanda, na mara nyingi pikipiki si yake bali anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Lakini kati ya 50 na 500 kuna nafasi pana ya watu wawili kuzungumza.

Mazungumzo hayo huzaa matunda ukija na kitu mkononi. Chagua dereva mmoja unayemwamini, mwenye kofia ngumu ya pili ambayo kweli ina mkanda, kisha mkubaliane kwa wiki: safari kumi, saa ileile, malipo Ijumaa jioni au Jumatatu asubuhi. Yeye anapata uhakika wa wateja kabla jua halijachomoza, nawe unapata bei isiyobadilika kila tangazo linapotoka. Mimi nilipunguziwa kutoka 2,000 hadi 1,500 kwa makubaliano ya namna hiyo, na nikaanza kurudi kwa miguu jioni siku zisizo na mvua. Kipande kile kikashuka kutoka 88,000 hadi kati ya 33,000 na 66,000, kutegemea mawingu.

Ikiwa majirani watatu mnaondoka wakati mmoja, bajaji ni bora zaidi, maana hubeba abiria watatu na bei yake haifiki mara tatu ya bodaboda. Baiskeli nayo inafaa kwa kipande hiki, ilimradi uwe na mahali pa kuiacha kituoni, kwa mfano kwa fundi au muuza duka anayelinda kwa malipo madogo. Siipendekezi kwa barabara ya Morogoro kati ya Mbezi na Kimara, ambako mwendesha baiskeli hujikuta pembeni ya malori yaendayo mikoani.

Hatua inayofuata ni kuujua mtego wa pili, yaani gari kukatisha njia. Dereva wa daladala ambaye dizeli imempandia wakati hesabu ya tajiri imebaki palepale na nauli hairuhusiwi kupanda, hupata tamaa ya kuigawa njia mara mbili: anashusha watu katikati, anageuza, na abiria analipa tena gari jingine. Hilo ni ongezeko la nauli lisilotangazwa, na kwa msafiri wa mbali linaweza kuzidi ongezeko lolote la LATRA. Kinga yake ni swali moja kwa konda kabla mguu haujaingia mlangoni, na ulitamke kwa sauti abiria wengine wasikie: "Mnafika mwisho?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, subiri gari linalofuata. Likikatisha baada ya kukuahidi, dai chenji ya sehemu iliyobaki papo hapo, pamoja na wenzako, na uandike namba ya gari kwa ajili ya kulalamika LATRA. Mtu mmoja akidai huitwa mkorofi, lakini watano wakidai kwa pamoja konda hufungua mkono.

Kuhusu kugeuza, yaani kupanda gari linalokwenda upande usio wako ili lifikapo mwisho uwe umeshapata kiti, hesabu yake ni nyepesi: unalipa nauli ya ziada ili ukae. Kwa mjamzito, kwa mgonjwa wa mgongo, au kwa anayetumia saa nzima kusoma au kulala, fedha hiyo haijapotea. Kwa mwingine yeyote afadhali kuwahi. Tofauti kati ya kufika kituoni saa 11:00 alfajiri na saa 11:45 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa dakika hizo 45 huweza kukuongezea saa nzima ya foleni. Daftari lako litakuonyesha mpaka uko wapi. Kwangu uko saa 11:20, na nikiuvuka kwa dakika kumi tu nafika ofisini nimechelewa.

Fuatilia pia tangazo la bei lenyewe, si uvumi wake. Bei kikomo hupatikana kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo, na ni vizuri kuangalia mistari ya petroli na dizeli mmoja mmoja, kwa sababu moja huweza kupanda huku nyingine ikishuka. Daladala nyingi hutumia dizeli na bodaboda hutumia petroli, hivyo mwezi ambao dizeli peke yake imepanda, kijana wa kijiweni hana hoja. Kumbuka vilevile kwamba bei kikomo ni dari tu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na vibao vya bei barabarani hutofautiana kidogo.

Kwa wenye magari nina machache ya kusema, na la kwanza ni kwamba foleni ya Jumanne usiku kwenye kituo cha mafuta haina faida. Ukijaza lita 30 kabla ya ongezeko la shilingi 100 umeokoa 3,000, sehemu yake ukiichoma ukingali kwenye foleni. Kinacholeta tofauti ni viti vitatu vitupu. Gari dogo linalotumia lita moja kwa kilomita 10 za foleni, kwa safari ya kilomita 46 kwenda na kurudi, huteketeza lita 4.6, yaani shilingi 13,800 kwa bei ya 3,000. Mkigawana watu wanne, mwenye gari akiwemo, ni 3,450 kila mmoja, karibu nusu ya ile 6,700 niliyokuwa nikilipa kwa vipande vitatu. Toeni 4,000 kila mmoja, na hiyo 2,200 inayobaki iwekwe kila siku kwa ajili ya oili na matairi, kwa sababu urafiki wa kuchangia mafuta huvunjika siku tairi linapopasuka na kila mtu akaangalia dirishani.

Makubaliano hayo yawe ya majirani au wafanyakazi wenzenu wanaofahamika, na kiwango kiwe cha kuchangia gharama. Gari binafsi linaloita abiria kituoni kwa malipo linafanya biashara inayohitaji leseni, na ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Wekeni pia kanuni ya kusubiriana: dakika tano, kisha gari linaondoka bila kinyongo.

Kufunga mfumo wa gesi asilia ni jambo la kufikiria kwa anayeendesha kila siku. Kilo moja ya gesi hiyo hubeba nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, na mwaka 2024 iliuzwa kwa takribani shilingi 1,550, kwa hiyo safari ile ya kilomita 46 ingegharimu chini ya 5,000. Ukifunga kwa milioni mbili, fedha hurudi kwa miezi kumi au kumi na moja. Lakini vituo bado ni vichache na foleni zake ni ndefu. Asiyepita karibu na kituo katika njia yake ya kawaida asivutwe na hesabu hiyo peke yake.

Limebaki la mwajiri, ambalo wengi huliogopa bila sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Ofisi inayokuita Jumamosi kwa nusu siku inakulipisha nauli ya siku nzima kwa saa nne za kazi, ilhali saa hizo zingeweza kugawanywa Jumatatu hadi Ijumaa bila kuvunja ukomo huo. Aidha, kifungu cha 21 kinaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula bila malipo ya ziada, ilimradi siku zisizidi tano wala saa 45 kwa wiki. Mwenye mkataba wa saa 40 anaweza kuomba siku nne za saa kumi, akaongeza saa moja ya chakula na bado akabaki ndani ya sheria. Safari moja kati ya tano imefutika.

Ombi hilo usilipeleke kama kilio cha nauli, kwa kuwa mkuu wa idara naye ananunua mafuta. Peleka karatasi moja yenye saa zako za kufika kwa wiki mbili, kazi zinazoweza kufanyika bila wewe kuwepo siku ya tano, jina la mwenzako atakayepokea simu siku hiyo, na pendekezo la kujaribu kwa miezi miwili. Mpelekee Jumanne au Jumatano, baada ya saa nne asubuhi, akiwa ameshapumua kutoka kwenye foleni yake mwenyewe.